Unauza Ndoano na Mishipi kwa Simu? Mjue Kwanza Samaki wa Mteja Wako



Somo la leo ni la wale wanaouza vifaa vya uvuvi mtandaoni: ndoano, mishipi, machubwi, chambo cha bandia. Kwa ukanda wetu huu, kuanzia Moa mpaka Pangani, wateja wapo kila siku na wananunua tena na tena, maana ndoano hukatikia kwenye miamba na mshipi huchakaa. Ila hii biashara ina ugonjwa mmoja ambao wauza nguo na wauza vyombo pia wanao, kwa hiyo hata kama huuzi ndoano, soma tu. Ugonjwa wenyewe ni kukopi maelezo ya muuzaji wa jumla na kuyapesti kama yalivyo.

Chukua mfano wa dada anayeuzia chumbani kwake hapa Nguvumali. Ameagiza katoni ya mzigo mchanganyiko kutoka China. Ndani kuna visamaki vya plastiki, vichwa vya risasi vyenye ndoano, na mshipi mwembamba mzuri kwa macho. Maelezo ya kiwandani yanasema ni vifaa bora vya kuvulia "walleye" kwenye mito na maziwa. Yeye anatafsiri kwa simu, anaandika "vifaa bora vya uvuvi, samaki wakubwa, bahari na maziwa", anaweka na moto moto tatu, anaposti. Mvuvi wa Sahare ananunua. Usiku ule chewa anachukua chambo, anarudi pangoni kwake, mshipi unakatika kama uzi wa cherehani. Asubuhi habari iko Deep Sea kabla hata samaki hawajanadiwa. Na pwani ukishatajwa kwamba mshipi wako mbovu, tangazo la kulipia halikusaidii.

Mshipi haukuwa mbovu. Ulikuwa wa samaki mwingine.

Walleye ni samaki wa maji baridi wa Marekani na Kanada. Macho yake yana tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana usiku yanang'aa kama ya paka, na ndiyo maana anakula vizuri jua likizama, alfajiri, au maji yakiwa na tope. Wanaomvua hutumia vifaa vyepesi: mshipi wa ratili 6 hadi 10, yaani kilo 3 hadi 4 na nusu hivi, na kichwa cha risasi cha gramu 4 mpaka 10 kilichovishwa kisamaki kidogo au mnyoo. Wanakiacha kifike chini, wanakiinua kidogo, wanakishusha, polepole. Au wanakokota kisamaki cha plastiki nyuma ya boti kwa mwendo wa taratibu. Kule chini ni mchanga, kokoto na majani. Kwetu chini ni matumbawe yanayokata kama wembe, na samaki wenyewe wanajua njia ya kwenda pangoni. Umeona tofauti? Mbinu zinafanana sana, kifaa hakifanani kabisa.

Sasa tuje kwenye kile unachotakiwa kukijua kabla ya kuposti. Nitakaa sana kwenye mshipi kwa sababu hapo ndipo pesa na malalamiko yanapolala.

Mshipi wa nailoni una vipimo vitatu: unene, nguvu, na urefu. Unene ni wa milimita, nguvu ni ya kilo au ratili. Mteja akikwambia "dada, arobaini upo?", hajakwambia kitu bado. Arobaini inaweza kuwa unene wa milimita 0.40, ambao kwa nailoni ya kawaida unabeba kama kilo 10 hivi. Inaweza pia kuwa ratili 40, ambazo ni kilo 18, na huo ni mshipi mnene zaidi. Mteja anaulizwa kwa adabu, haoni vibaya:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Arobaini upo?"
"Upo baba. Unataka wa milimita 0.40 au wa ratili 40? Unavulia wapi, nikupe unaofaa?"
"Navulia changu, ndani ya mwamba. Nataka wa kufungia ndoano, siyo ule mshipi mkubwa."

Hapo umeshajua zaidi ya maelezo yote ya kiwandani. Na mzee amejua anaongea na mtu anayejali.

Kuna kanuni ndogo ya hesabu itakayokuokoa na mzigo wa uongo. Nailoni ya aina moja ukiongeza unene mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne, siyo mara mbili. Kwa hiyo kama 0.40 inabeba kilo 10, 0.80 itabeba karibu kilo 40. Ukiona kopo limeandikwa nailoni milimita 0.20, nguvu kilo 20, kaa mbali nalo. Hakuna nailoni ya hivyo. Labda iwe uzi wa kusuka, ambao kweli ni mwembamba na una nguvu sana. Lakini uzi wa kusuka haupendi kusuguliwa na matumbawe, na mvuvi anayevuta kwa mkono utamchana vidole. Huo muuzie mwenye fimbo na roda, siyo mwenye mshipi wa mkononi.

Urefu nao unaibiwa. Roli imeandikwa mita 100, ndani kuna 80. Utazikunjua zote uzipime? Hapana, pima uzito. Jirani yako anayeuza keki anao mzani wa gramu, muazime. Mshipi wa nailoni wa mita 100, bila kigurudumu chake cha plastiki, unatakiwa uwe na uzito wa kama gramu 14 kwa unene wa 0.40, gramu 32 kwa 0.60, gramu 57 kwa 0.80, na gramu 90 kwa milimita 1. Kunjua roli moja tu, pima kigurudumu kitupu, halafu pima roli zilizobaki ukitoa uzito huo. Ikipungua gramu moja mbili siyo neno. Lakini roli ya 0.80 inayotoa gramu 40 ina mambo mawili: ama ni fupi, ama unene wake siyo 0.80. Yote mawili ni hasara ya mteja wako, na yatakurudia wewe. Muuzaji wa jumla yeye ameshapokea hela yake.

Nguvu pima kwa ndoo. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni mzani wa bure. Chukua mshipi wa 0.60, uzungushe mara saba nane kwenye mti laini wa mviringo juu, na vilevile kwenye kipande cha mti kilichoshikilia ndoo chini. Usifunge fundo, maana fundo lenyewe hupunguza nguvu na utapima fundo badala ya mshipi. Ongeza maji polepole. Ukibeba lita 15 bila wasiwasi, huo unauzika. Ukifika 20, tangaza kwa kujiamini, na ikiwezekana rekodi video, hiyo video itauza kuliko maneno. Uso wako usiuweke karibu na mshipi uliokazwa, ukikatika unaruka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: jua linakula nailoni. Ukiiweka dirishani ili ipendeze kwenye picha, miezi inakwenda, unauza mshipi uliochoka ambao kwa macho bado mpya. Weka kwenye boksi, kivulini. Ndoano nazo hapa Tanga ukifungua pakiti ukaacha wazi, hewa ya chumvi inazipiga kutu ndani ya muda mfupi. Chupa yenye mfuniko unaobana na kiganja cha mchele mkavu ndani inasaidia.

Tukija kwenye ndoano, namba ndizo zinazochanganya watu. Kwenye ndoano nyingi za kisasa namba ikipanda ndoano inapungua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Ukifika 1 hesabu inageuka, inaanza 1/0, 2/0, 3/0, na hapo ikipanda ndoano inakua. Halafu kila kampuni ina vipimo vyake, 2/0 ya huyu siyo 2/0 ya yule. Kwa hiyo usibishane na mteja kwa namba. Weka ndoano juu ya rula, piga picha, basi. Mvuvi ataangalia uwazi kati ya ncha na mti wa ndoano, atajua kama inaingia mdomoni mwa changu au ni ya chewa.

Maumbo pia yana maana. Ndoano ya kawaida yenye umbo la ndoano tunayoijua sote inataka mvuvi ashtue mkono samaki akigusa. Ndoano ya duara, ile ambayo ncha imegeukia ndani mpaka unashangaa itanasaje, haitaki kushtuliwa. Samaki anameza, anageuka aende zake, yenyewe inateleza na kukamata pembeni mwa mdomo. Inafaa sana kwenye zulumati, ule mshipi mrefu wenye ndoano nyingi unaoachwa majini, kwa sababu pale hakuna mkono wa kushtua. Usipomwambia mteja hivyo, atashtua kama alivyozoea, samaki watamchomoka, na atasema ndoano zako zimepinda. Sentensi moja kwenye tangazo inamaliza hilo tatizo.

Sasa unamuuzia nani nini? Hapa ndipo naona wenzetu wengi wanapoteza hela, wanauza kipande kimoja kimoja wakati mvuvi anafikiria kwa seti.

Mvuvi wa mshipi wa chini, wa changu na chewa, anatumia mshipi mkubwa mnene, 0.80 mpaka milimita 1, kwa sababu anaushika kwa mkono na mwembamba utamkata. Mwishoni kuna chubwi. Juu ya chubwi kuna vitawi viwili vitatu vifupi vya mshipi mwembamba, 0.50 au 0.60, kila kimoja na ndoano yake. Wembamba ule siyo ubahili. Ndoano ikinasa kwenye mwamba, kikatike kitawi peke yake, mshipi mkubwa na chubwi virudi ngalawani. Ukielewa hilo, unatengeneza seti: roli moja nene, roli moja nyembamba ya vitawi, ndoano ishirini, machubwi mawili. Bei moja. Mteja haulizi maswali kumi na wewe unauza vitu vinne kwa mpigo. Chambo anacho mwenyewe, ngisi au vibua, usijisumbue.

Anayerambaza, yaani anayekokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, anatafuta nguru, jodari, tengesi, kolekole. Huyu ndiye mteja halali wa visamaki vya plastiki na manyoya yanayong'aa, ila viwe vikubwa na ndoano zake ziwe nene. Na nguru na tengesi wana meno, nailoni wanaikata kama tambi. Anahitaji kipande cha waya kati ya mshipi na ndoano, na kile kiungo kidogo kinachozunguka, swiveli, ili chambo kikizunguka mshipi usijisokote. Waya na swiveli ni vitu vya hela ndogo, lakini ndivyo vitakavyomfanya arudi kwako, maana maduka mengi yanavisahau.

Na ule mzigo mwepesi wa walleye? Usiutupe. Mshipi wake mwembamba na ndoano ndogo ni mali kwa wa maji baridi: Korogwe na Hale kwenye Mto Pangani, na Bwawa la Nyumba ya Mungu kule linakoingia maji ya Kikuletwa na Ruvu. Perege anataka ndoano ndogo, mshipi wa 0.25 mpaka 0.35, boya dogo na mnyoo au donge la ugali. Kambale ni wa usiku, yuko chini, anafuata harufu, mpe ndoano kubwa kidogo na mshipi wa 0.40 kwenda juu. Visamaki vya plastiki kwa perege sahau, yeye chakula chake kikubwa ni mimea na vitu vidogo vidogo, hafukuzi samaki. Hivyo vipeleke kwa wale wanaovua kwa kujifurahisha Raskazone jioni na kwenye vijito vya mikoko, wenye fimbo, wanaocheza na kolekole wadogo. Waambie wazi: hiki ni cha samaki wadogo, usipeleke nje ya mwamba. Mizigo ya Korogwe na Mwanga unaituma kwa basi kutoka stendi ya Kange, ni mizigo midogo, haisumbui.

Ukipata oda za Mwanza au Musoma, hiyo ni habari nyingine. Kule ni sangara kwa migonzo, ndoano mamia kwa mshipi mmoja, na chambo hai kama vikambale vidogo. Wananunua kwa boksi, siyo kwa pisi. Usiahidi bei ya jumla kabla hujajua wanatumia ndoano gani, omba wakutumie picha juu ya rula. Hiyo rula inafanya kazi pande zote mbili.

Neno juu ya sheria, fupi lakini lisikilizwe. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja kwa ajili ya ndoano hauna shida. Wavu uliosukwa kwa uzi huohuo, zile nyavu za timba, ni marufuku chini ya kanuni za uvuvi za 2009, zilizotungwa kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003. Makokoro pia, na bunduki za mishale ya kuvulia. Muuzaji wa jumla atakuwekea kwenye katoni moja na atakwambia "zinatoka sana". Wewe ndiye mwenye jina na namba ya simu kwenye tangazo. Tena huku kwetu, kusini mwa mji kuelekea Pangani, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009, baada ya yule samaki wa kale kunaswa kwenye majarife ya kina kirefu. Mteja wa huko akiuliza kama kifaa fulani kinaruhusiwa, usibahatishe, mwelekeze kwa ofisa uvuvi au watu wa hifadhi.

Machubwi ni risasi, na risasi ni sumu. Wapo wanaoyeyusha wenyewe ili kuongeza faida. Kama unafanya hivyo kwenye jiko la nyumbani, watoto wapo, sufuria ileile kesho inapikiwa, acha. Nunua yaliyokwisha tengenezwa, yafunge kwenye karatasi, nawa mikono ukimaliza kufungasha.

Mwisho ni muda wa kuposti. Usiposti kwa sababu una bando. Mvuvi wa mshipi anakwenda na mwezi. Maji mafu, kama tarehe 7, 8 na 22, 23 za mwezi mwandamo, mkondo unapungua na mshipi wa chini unakaa vizuri. Bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mkondo unakuwa mkali na wanaotoka wanahitaji machubwi mazito zaidi. Kwa hiyo seti za mshipi wa chini ziposti siku tatu nne kabla ya maji mafu, mzigo umfikie kabla hajatoka. Machubwi mazito yaposti kabla ya bamvua. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, wengi hawaendi mbali, wanauliza vya ndani ya mwamba. Kaskazi likitulia ndipo vifaa vya kurambaza vinapotafutwa. Asubuhi usimpigie simu mvuvi wa usiku, amelala. Mwachie ujumbe wa sauti, saa tisa alasiri atakujibu.

Tangazo lenyewe linaweza kuwa hivi, kopini mbadilishe namba kulingana na mzigo wenu mlioupima:

"SETI YA CHANGU, NDANI YA MWAMBA. Mshipi mkubwa 0.80, mita 100, tumepima gramu 57. Mshipi wa vitawi 0.50. Ndoano 20, ukubwa angalia picha juu ya rula. Machubwi 2. Kwa mshipi wa mkononi. HAIFAI kwa nguru, kwa nguru uliza seti yenye waya. Nguvumali, unapelekewa Deep Sea na Sahare kwa bodaboda, Pangani kwa basi. Roli ikipungua urefu, irudishe, tunakubadilishia."

Hiyo "haifai kwa nguru" msiifute. Kuna atakayesoma hapo na kuuliza seti ya waya, na huyo mnamuuzia yenye faida kubwa zaidi.